Kiinitete na endospemu ya mhindi
Katika mhindi, zao linalolijaza soko la kimataifa la Kibaigwa, wilayani Kongwa, utungisho hutokea maradufu, kama Sergei Nawaschin alivyobainisha kwa mimea ya maua mwaka 1898: gameti moja ya kiume kutoka kwenye chavua huungana na yai na kufanya kiinitete, yaani mmea mchanga wenye kromosomu 20, ilhali ya pili huungana na viini viwili vya seli ya kati na kuzaa endospemu, ghala la wanga lenye kromosomu 30, ambalo viini vyake hugawanyika kwanza bila kuta za seli. Punje ikikomaa, tabaka jeusi huonekana kitakoni. Kukoboa huondoa kiinitete, chenye mafuta mengi, pamoja na pumba, hivyo sembe ni endospemu karibu tupu. Dona hubaki na vyote.