Diplomasia ya Dola la Palestina
Diplomasia ya dola la Palestina ni juhudi za kimataifa za kuifanya Palestina itambuliwe kuwa nchi huru na kupata uanachama kamili wa Umoja wa Mataifa. Juhudi hizo huendeshwa na Chama cha Ukombozi wa Palestina (PLO), kilichopewa hadhi ya mwangalizi katika umoja huo mwaka 1974.

Tarehe 15 Novemba 1988, Yasser Arafat alitangaza uhuru wa Palestina mjini Algiers, na nchi nyingi za Afrika na Asia, Tanzania ikiwemo, zikaitambua. Mkataba wa Oslo wa 1993 kati ya Israeli na PLO, uliosuluhishwa na Norwei, ulileta mamlaka ya ndani yenye mipaka, si uhuru.

Tarehe 29 Novemba 2012, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliipa Palestina hadhi ya dola mwangalizi asiye mwanachama kwa kura 138 dhidi ya 9. Nchi 41 hazikuegemea upande wowote. Hadhi hiyo iliiwezesha kujiunga na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2015.

Uanachama kamili huhitaji kwanza pendekezo la Baraza la Usalama. Aprili 2024, wajumbe 12 kati ya 15 waliunga mkono ombi la Palestina la uanachama huo, lakini Marekani ililizuia kwa kura ya turufu. Septemba 2025, Uingereza, Kanada, Australia, Ureno na Ufaransa ziliitambua Palestina.

Utambuzi huipa Palestina balozi na nguvu ya kisheria, ila haujamaliza ukaliaji wa Israeli wala mgogoro wa mipaka, Yerusalemu na wakimbizi.