Daftari la Shangazi na Barua ya Polisi

Kazi ilinibana, ndiyo maana nikawa kimya. Leo tuweke kando mambo ya kuandika programu, niwasimulie historia kidogo. Juzi jirani mmoja aliniuliza: "Wewe si mtu wa kompyuta? Basi niambie, mtu akinitapeli kwa simu na nambari yake ninayo, kwa nini polisi wasimkamate siku hiyo hiyo?" Swali zuri, na wengi hapa Eastlands, kuanzia Buruburu hadi Kayole, wamewahi kujiuliza wakitoka kituoni mikono mitupu. Jibu lake si fupi.

Nianze na shangazi yangu. Alikuwa na duka la kutuma na kutoa pesa kwa simu, kibanda cha mabati chenye simu mbili na daftari kubwa la jalada gumu. Kila mteja aliandikwa humo: tarehe, nambari ya simu, nambari ya kitambulisho, kiasi, nambari ya muamala, kisha anatia sahihi. Siku hizo sikulitilia maanani. Leo nikiwa natengeneza mifumo ya malipo naona lilikuwa kumbukumbu kamili ya mfumo, tofauti ni kwamba iliandikwa kwa kalamu.

Mwaka 2011 shangazi akatapeliwa. Kijana mmoja alikuja "kutoa" shilingi 8,000, simu ikalia, ujumbe ukaonekana kama wa kampuni, shangazi akahesabu noti. Jioni salio halikulingana. Kumbe ule ujumbe ulitoka kwa nambari ya kawaida. Tukaenda kituo cha polisi, tukapewa nambari ya OB. Kampuni ya simu ikasema haiwezi kutupa habari za mteja mwingine, polisi walete barua. Polisi wakasema kampuni itataka amri ya mahakama. Siku ya tisa askari akatuambia laini ilisajiliwa kwa jina la mama mmoja wa kijijini, ambaye hata hakujua kama ana laini ya pili. Kesi ikaishia hapo.

Sasa, kwa nini mambo yalikuwa hivyo? Turudi nyuma kidogo.

Ushirikiano wa polisi na kampuni za binafsi nchini Kenya ulianza kabla ya simu za mkononi kufika mtaani. Benki zilikuwa na kitengo cha kuchunguza ulaghai, ambacho maafisa wake ni polisi wa upelelezi lakini kimeambatanishwa na Benki Kuu. Mpango huo uliwezekana kwa sababu benki zilikuwa chache na kila akaunti ilikuwa na mwenyewe: jina, picha, sahihi.

Simu zikaja na desturi nyingine. Safaricom na KenCell zilipoanza kushindana mwaka 2000, laini ya kulipia kabla iliuzwa kama peremende. Unalipa, unaweka kwenye simu, unaongea. Hakuna aliyekuuliza jina. Biashara ikanoga, lakini polisi akipata nambari hakuwa amepata mtu.

Hasara ya jambo hilo ilionekana baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Jumbe za chuki zilisambaa kwa SMS nchi nzima. Serikali ilifikiria kuzima SMS kabisa. Safaricom, wakati huo chini ya Michael Joseph, ikapendekeza njia nyingine, na wateja wakatumiwa jumbe za kuhimiza amani. Hapo serikali na kampuni walielewana, lakini kuwafikia waliotuma chuki lilikuwa jambo jingine. Laini nyingi hazikuwa na jina, na sheria yenyewe ilikuwa na mapengo.

Mapengo hayo yakaanza kuzibwa mwaka 2009. Rais Mwai Kibaki alitia saini marekebisho ya sheria ya mawasiliano, ambayo yalitaja makosa ya kompyuta, kama vile kuingia kwenye mfumo bila ruhusa. Marekebisho hayo hayo yaliongeza kifungu cha 106B kwenye Sheria ya Ushahidi. Kifungu hiki watu wengi hawakijui, na mimi nakiona ndicho kiini cha mambo. Kinasema karatasi iliyotolewa kwenye kompyuta inaweza kukubalika mahakamani ikiambatana na cheti cha mtu anayehusika na mfumo huo, kinachoeleza ilivyotolewa. Kwa maneno mengine, polisi peke yake hawezi kukamilisha kesi. Lazima mtu wa kampuni aseme, "Kumbukumbu hii ni yetu na imetoka kwenye mfumo wetu hivi." Ndiyo sababu picha ya skrini yako pekee haitoshi.

Mwaka huo huo Kibaki akaagiza laini zote zisajiliwe. Usajili ukaanza 2010, makataa yakasogezwa, na mwisho wa 2012 ikaamriwa laini zisizosajiliwa zizimwe. Wengi tulidhani shida imekwisha, kwani sasa kila nambari ina mtu.

Lakini mwizi naye alikuwa anasoma. M-Pesa ilikuwa imezinduliwa Machi 2007, na pesa zilipohamia kwenye simu, walaghai walihamia nazo. Kwanza ilikuwa "nimekutumia kimakosa, nirudishie". Baadaye zikaja simu kutoka magerezani, hadi jina Kamiti likawa kama jina la mchezo wenyewe. Kisha ukaja wizi wa kubadilisha laini, ambapo mtu anajifanya wewe, nambari yako inahamishiwa kwenye kadi yake, na akiba yako inamfuata huko. Usajili nao wakaugeuza silaha, kwa kuwa laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mwingine ni barakoa nzuri kuliko laini isiyo na jina. Isiyo na jina polisi anajua haina mtu. Yenye jina inamtuma kwa mtu asiye na hatia.

Hapa ndipo Eastlands tunaguswa. Miaka ile vijana walikaa chini ya miavuli barabarani wakisajili laini, na wengi wetu tuliwaachia nambari za vitambulisho bila kuwaza. Safaricom ilipoleta msimbo wa *106# wa kuangalia laini zilizo chini ya kitambulisho chako, wako waliokuta laini wasizozijua. Fikiria wewe ni kijana wa Dandora, unabishiwa mlango alfajiri kwa sababu ya laini ambayo hujawahi kuiona. Polisi na kampuni wameshirikiana vizuri sana, ila kumbukumbu waliyoshirikiana juu yake ni ya uongo.

Kampuni nazo zilichukua hatua za moja kwa moja na wateja. Safaricom iliweka nambari 333 ya kutumia jumbe za walaghai, nambari 456 ya kuomba muamala uliokosewa urudishwe, na ikatangaza kwamba simu zake kwa wateja hutoka 0722 000 000 tu. Hatua hizi zilikuwa na faida moja kubwa: mlaghai hutoa pesa ndani ya dakika chache, na kampuni inaweza kuzuia pesa ndani ya dakika hizo. Barua ya polisi haiwezi.

Kisha ikaja Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni, iliyotiwa saini na Rais Uhuru Kenyatta Mei 2018. Magazeti yaliandika zaidi kuhusu habari za uongo, lakini sisi watu wa mifumo tulitazama vifungu vya 50 na 51. Kifungu cha 50 kinahusu kukabidhi data: polisi anaomba amri ya mahakama, kampuni inatoa. Kifungu cha 51 kinahusu kuhifadhi: polisi anaweza kuitaka kampuni isifute data fulani wakati anaendelea kutafuta amri. Utengano huu ulikuwa tayari kwenye Mkataba wa Budapest wa 2001 kuhusu uhalifu wa mtandao.

Kwangu mimi huo ndio uvumbuzi mkubwa katika historia hii yote. Kuhifadhi hakumfichulii mtu siri, kwa hiyo kunaweza kufanywa haraka. Kukabidhi kunafichua, kwa hiyo kusubiri hakimu. Ukivichanganya viwili hivi utapata moja kati ya mabaya mawili: ama ushahidi unapotea ukingoja karatasi, ama faragha ya watu inapotea kwa kisingizio cha haraka.

Chama cha wanablogu, BAKE, kilienda mahakamani, na siku chache baadaye Jaji Chacha Mwita akasimamisha vifungu 26, vikiwemo hivyo viwili. Februari 2020 Jaji James Makau akalitupa ombi hilo. Katikati, Novemba 2019, tukapata Sheria ya Ulinzi wa Data.

Hofu ya wanablogu haikuwa ndoto. Mwaka 2024 gazeti la Nation lilichapisha uchunguzi uliodai polisi walipata data za wateja wa simu bila kufuata mahakama. Safaricom ilikana, ikisema hutoa habari kwa amri ya mahakama tu. Na Oktoba 2025 Rais William Ruto alitia saini marekebisho ya sheria ya 2018, ambayo pamoja na mengine yalifanya kubadilisha laini ya mtu bila idhini kuwa kosa. Mwezi huo huo Mahakama Kuu ikasimamisha baadhi ya vifungu vyake. Mnaona vile mvutano ni ule ule.

Nilimweleza jirani yangu haya yote, akaniuliza, "Kwa hivyo nifanye nini?" Nikamwambia: ukitapeliwa, piga simu kwa kampuni kwanza, dakika hiyo hiyo, ili pesa zizuiwe kama bado zipo. Usifute ujumbe hata mmoja. Kisha uende kituoni uandikishe OB, maana bila hiyo hakuna barua wala amri. Na leo jioni uangalie laini zilizo chini ya kitambulisho chako.

Nimalizie na shangazi. Miezi michache baada ya kutapeliwa, mwanamume alifika dukani akajitambulisha kuwa mpelelezi. Alitaka kuchukua daftari lote, kuna kijana anatafutwa. Nilikuwepo, na nilidhani atalitoa mbio, kwa uchungu aliokuwa nao. Akaliweka mkono juu. "Nitakutunzia, ukurasa hautang'oka hata mmoja. Lakini leta barua. Humu kuna majina ya watu." Yule mwanamume alifoka, akaondoka. Baada ya siku mbili alirudi na barua, akaonyeshwa mistari miwili aliyoihitaji, akainakili, basi.

Shangazi hakuwahi kusoma kifungu cha 50 wala cha 51, ambavyo vilikuwa havijaandikwa. Shilingi 8,000 hazikurudi hadi leo. Daftari alilitunza hadi alipofunga duka.

Haya, tuonane wakati mwingine, na mjihadhari na zile jumbe.