Wanga wa Muhogo na Unga wa Sembe

Neno wanga, ambalo mwanafunzi hulikuta katika somo la lishe na dobi hulijua kwa ugumu wa kola, lilikuwa na maana finyu zaidi hapo kale. Kamusi za zamani zaliandika uwanga, nazo zaeleza kuwa ni unga mweupe utokanao na kiazi cha mwitu cha pwani. Kiazi hicho ni kichungu, wala hakiliki hivi hivi. Hukunwa, hutiwa maji, huchujwa, kisha huachwa kitulie. Maji humwagwa na mengine hutiwa, mara kadha wa kadha, hata uchungu uishe na utope mweupe ubaki chini ya chombo. Utope huo ukikauka ndio uwanga. Jina la kiazi kimoja limekuja kubeba vitu vingi, kwa kuwa kila kilichoshika nafasi yake jikoni kilirithi na jina lake.

Mrithi mkubwa alikuwa muhogo. Mmea huu, kama mahindi, asili yake ni Amerika, nao uliletwa Afrika na Wareno tangu karne ya 16. (Mahindi yalijipatia nasaba ya uongo, kwani jina lake lampa msikiaji dhana kuwa yametoka Bara Hindi.) Katika Uzaramo, nchi ambayo Temeke na Kinondoni zilikuwa mashamba yake kabla ya kuwa mitaa, muhogo ulistahimili mchanga na ukame. Uliokaushwa vipande uliitwa makopa. Unga wake ulisongwa ugali ulioitwa bada. Na ule uliokunwa, ukakamuliwa na kutuamishwa, ulitoa wanga kwa ufundi ule ule wa kiazi cha mwitu.

Mpishi aliyekosa wanga wa mahindi wa dukani aweza kutwaa wa muhogo, lakini hawa si mapacha. Wa mahindi hutaka moto mkali hata mchuzi uchemke, nao huufanya uwe na ukungu. Wa muhogo huwahi kushika, hung'aa na kuvutika, ila ukichemshwa mno hulegea tena. Unga wa ngano hutakiwa kadiri ya mara mbili, na usipoiva huacha ladha ya ubichi. Kwa sababu hiyo mpika haluwa, atakaye kitu king'aacho na kuvutika, hawezi kuridhika na ngano.

Badala hizi hazikufanywa kwa hiari kila mara. Wakati wa Vita Kuu ya Pili chakula kiligawanywa Dar es Salaam kwa kufuata rangi za watu, na Mwafrika wa mjini, ambaye wali ulikuwa fahari yake, akaona mchele ukielekezwa kwa wengine. Unga aliopewa ulimshibisha tumbo na kumdhili nafsi. Tangu hapo ni vigumu kuisimulia historia ya unga katika mji huu bila kutaja heshima. Mji ulipopanuliwa baada ya vita, wageni kutoka bara walihamia Temeke, Magomeni na Kinondoni pamoja na mazoea yao ya ugali wa nafaka, na bada ikaanza kuhesabiwa chakula cha shamba.

Sembe ikapata nguvu ya serikali. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, vinu vikubwa vilitaifishwa, na Shirika la Usagishaji la Taifa likawa mlishaji wa mji. Ukame wa 1973 na 1974 ulilazimisha nafaka iagizwe ng'ambo. Katika miaka hiyo na ile ya 1980 mahindi ya manjano kutoka Marekani yalisagwa na kuuzwa, na watu wa mji wakauita unga wake Yanga, kwa rangi ya jezi za klabu ya Young Africans. Hapo mahindi yenyewe yalikuwa badala ya mahindi, na walaji walilalamika vile vile. Mwaka 1984 serikali iliondoa ruzuku ya sembe. Bei ikapanda, na muhogo uliodharauliwa ukatafutwa upya.

Lakini muhogo haukubali kutafutwa kwa pupa. Ule mchungu una sumu ya sianidi, ambayo huondoka kwa kuloweka, kuvundika na kukausha kwa siku kadhaa. Mwaka 1985, wakati wa ukame wilayani Tarime, watu wenye njaa walifupisha siku hizo, na mlo wao ulikuwa haba wa protini ambazo husaidia mwili kuishinda sumu. Baadhi yao, ghafla, miguu ilikakamaa, nao hawakupona. Ugonjwa huo huitwa konzo, kwa neno la Wayaka wa Kongo, ambako ulielezwa na daktari Trolli mwaka 1938. Waliougua walikuwa na unga uliofanana kwa macho na unga wa siku zote. Kilichopungua ndani yake ni muda.

Wakazi wa Dar es Salaam wamezoea zaidi muhogo mtamu, usio na sumu nyingi. Leo huo hukaangwa katika ufuko wa Coco, wilayani Kinondoni, ukaliwa kwa pilipili na kachumbari na watu waliofika kwa magari yao. Bada bado haijaalikwa huko.