Chokaa kwenye birika, kipindupindu kwenye kisima: maji ya Mji Mkongwe

Kama umewahi kufua kwa maji ya kisima pale Unguja mjini, kero yenyewe unaijua. Unasugua sabuni ya mche, unasugua tena, povu halitoki, na juu ya beseni unaelea utando wa kijivu. Watu husema "haya maji ya chumvi". Mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingi kinachokula sabuni yako si chumvi ya bahari, ni chokaa.

Sehemu kubwa ya Unguja ni mawe ya chokaa, mabaki ya matumbawe ya kale. Nyumba za Mji Mkongwe zenyewe zimejengwa kwa mawe hayo, na chokaa ya kuzipiga lipu ilipatikana kwa kuyachoma. Sasa fuata tone la mvua. Likipita hewani na kwenye udongo linachukua hewaukaa, linakuwa na uchachu kidogo, na uchachu huo unatosha kuyeyusha jiwe polepole. Likifika kisimani limebeba kalsiamu, na pengine magnesiamu. Hayo ndiyo maji magumu. Sabuni inapokutana na kalsiamu hiyo inagandamana nayo, ndiyo ule utando, na povu linakuja tu baada ya kalsiamu yote kupata mgao wake.

Mkemia wa Uskoti, Thomas Clark, aliufanya usumbufu huo kuwa kipimo: hesabu sabuni inayotumika mpaka povu likae, na umepata ugumu wa maji. (Kila anayefua Malindi au Ng'ambo hukipima kila wiki bila kulipwa.) Mwaka 1841 Clark alipata hataza ya kulainisha maji kwa, amini usiamini, kuyatia chokaa. Chokaa iliyookwa inaichukua hewaukaa iliyokuwa ikiishikilia ile iliyoyeyuka, na zote mbili zinatua chini.

Je, maji magumu yanadhuru? Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha ugumu kwa sababu za kiafya. Kalsiamu ni ileile iliyomo kwenye maziwa. Kwa hiyo povu halikwambii kama maji ni salama. Na hapa ndipo historia ya mji huu inapotisha.

Jiwe lile linaloyeyuka hufanya nyufa na mapango. Maji hupita humo haraka, bila kuchujwa kama yanavyochujwa kwenye mchanga. Weka mji wa nyumba zilizobanana juu ya jiwe hilo, weka choo cha shimo hapa na kisima pale, hatua chache tu. Maji yanayotoka kisimani ni maangavu, baridi, matamu hata. Mtu anayakinga mkononi anaona hayana neno.

Kipindupindu kiliupiga mji mwaka 1858 hadi 1859, kikarudi 1869 hadi 1870. Katika mlipuko huu wa pili alikuwapo daktari Mwingereza, James Christie. Mwaka 1876 alichapisha kitabu juu ya kipindupindu cha Afrika Mashariki, akifuatilia jinsi ugonjwa ulivyosafiri na misafara ya bara mpaka pwani. Kumbuka hapo Robert Koch alikuwa bado hajaieleza bakteria ya kipindupindu. Hilo lilikuja 1884. Tayari mwaka 1854, kule London, John Snow alishakionesha kidole kisima kimoja cha mtaa. Wengi hawakumwamini.

Mwaka 1870, mji ukiwa bado na msiba huo, Barghash bin Said alishika usultani. Watu humkumbuka kwa Beit al-Ajaib, iliyojengwa 1883, na ni jengo la fahari kweli. Mimi ningemkumbuka kwanza kwa bomba. Wakati wa utawala wake maji yalivutwa kutoka chemchemi ya Chem Chem, nje ya mji upande wa kaskazini, yakaletwa mpaka mjini. Wazo alilitoa wapi? Baada ya jaribio lake la kumpindua kaka yake mwaka 1859, alipelekwa uhamishoni Bombay, na mwaka 1860 jiji lile lilianza kupata maji kutoka ziwa la Vihar. Kudai kwamba aliiga hapo ni makisio yangu, lakini tarehe zinakaa vizuri.

Angalia bomba lilibadilisha nini hasa. Maji bado yalitoka kwenye kisiwa kilekile cha mawe ya chokaa. Kilichobadilika ni umbali kutoka vyooni. Ndiyo maana nasema bomba lilikuwa dawa, ijapokuwa sabuni huenda haikuona tofauti kubwa.

Umbali huo umeanza kupungua. Mji umetanuka, na watu wanachimba visima kwa sababu bomba halitoshi. Halafu kuna bahari: maji matamu ya kisiwa huelea juu ya maji ya chumvi, na kwa hesabu ya kawaida, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia mita 40 hivi chini yake. Vuta kupita kiasi, ile mita ishuke kidogo, na chumvi inapanda kwa kasi mara 40. Hapo sasa maji ya chumvi ni ya chumvi kweli. Kipindupindu nacho kilirejea Zanzibar mwaka 1978, na tena 2015 hadi 2016.

Kwa hiyo ukiwa na kisima, usiulize povu. Pima bakteria, na mpaka upate majibu, chemsha. Yakichemka sawasawa, bakteria wa kipindupindu wanakufa, na hewaukaa inatoka, chokaa inaganda kwenye birika kuwa ukoko mweupe. Wengi huuona ukoko huo na kusema maji haya machafu. Kamulia ndimu mbili, ongeza maji kidogo, acha usiku mmoja. Utaona vipovu vikipanda: ni ile hewaukaa iliyobaki ndani ya chokaa, inatoka.