Fuma: maana, mnyambuliko na istilahi za kufuma kikeki cha uzi

fuma kt
1. tengeneza kitambaa, sweta, kofia au pambo kwa kupitisha uzi ndani ya uzi: *Bibi amefuma vitambaa vya makochi.*
2. choma kwa mshale au mkuki: *Mwindaji alimfuma swala ubavuni.*
3. kuta mtu ghafla. Katika maana hii hutumika zaidi fumania: *Walimfumania mwizi akivunja mlango.*

Makala haya yanahusu maana ya kwanza. Kazi iliyochaguliwa kuwa kielelezo ni ndogo: keki ya pambo inayotoshea kiganjani, iliyofumwa kwa uzi na kulabu. Udogo wake ni faida, kwa kuwa ndani yake mna karibu msamiati wote ambao mfumaji huuhitaji, na kosa la neno moja huonekana mara moja katika umbo.

Fuma na vitenzi vya jirani

Kiswahili hutofautisha kazi za mkono kwa namna yake. Kinachounganishwa kwa sindano yenye tundu *hushonwa*. Ua linalopambwa juu ya kitambaa kilichokwisha kuwapo *hutariziwa*. Ukili, mkeka, kamba na nywele *husukwa*, yaani nyuzi au chane kadhaa hupishana. Kitambaa kinachozaliwa na uzi wenyewe *hufumwa*.

Kitenzi hiki kimoja hubeba kazi ambazo lugha nyingine huzigawia vitenzi vitatu. Mfumi wa nguo hufuma kwa mtande na mshindio. Mfumaji wa sweta hufuma kwa sindano mbili ndefu. Mfumaji wa vitambaa vya meza hufuma kwa sindano moja yenye ncha iliyopinda. Kazi hii ya mwisho haina mtande wala mshindio. Ni uzi mmoja unaovutwa kitanzi ndani ya kitanzi tangu mwanzo hadi mwisho.

Panapohitajika kutofautisha, chombo hutajwa: *kufuma kwa mtambo, kufuma kwa sindano mbili, kufuma kwa kulabu*. Katika mazungumzo husikika pia kroshia, neno lililotokana na *crochet* la Kifaransa, ambalo maana yake ni kulabu ndogo. Kulabu nalo lina asili ya Kiarabu. Kwa hiyo *kufuma kwa kroshia* na *kufuma kwa kulabu* ni kauli mbili zenye picha moja, na zote zinakubalika. Mwandishi achague moja na aishike hadi mwisho wa maelekezo yake.

Cha kufuma, cha kufumia

Kauli ya kutendea hubadili maana, na kuiacha huleta utata. *Sindano ya kufumia* na *uzi wa kufumia* ni vifaa ambavyo kazi hufanywa navyo. *Kofia ya kufuma* ni kofia iliyopatikana kwa njia hiyo, tofauti na ya kushona. Anayeandika *uzi wa kufuma* ataeleweka, lakini katika orodha ya vifaa *uzi wa kufumia* ndiyo kauli iliyo sahihi zaidi. Panapohitajika kusisitiza kwamba kazi imekamilika, hutumika *kilichofumwa*.

Fumua na mfumo

Kiambishi -u- hugeuza tendo, kama katika *funga/fungua* na *ziba/zibua*. Fumua ni kurudisha kilichofumwa kuwa uzi: *Shangazi, nifumulie mzunguko huu, nimekosea hesabu.* Fumuka ni kufunguka chenyewe: *Ukingo umefumuka kwa sababu uzi haukufichwa.* Kitenzi hiki kimevuka mipaka ya ufumaji. Nywele husukwa, lakini hufumuliwa. Nguo hushonwa, lakini mshono wake hufumuliwa.

Kwa mfumaji wa kulabu, kufumua ni sehemu ya kazi. Uzi ukivutwa, mishono hufunguka mmoja baada ya mwingine, na kosa la mzunguko wa tano huweza kurekebishwa bila kupoteza uzi. Ndiyo maana kuuita mshono wa kulabu *fundo* hupotosha: fundo halifunguki kwa kuvuta ncha.

Mfumo hapo kale lilitaja kazi ya mfumi na jinsi nyuzi zilivyoshikana katika nguo. Leo lina maana pana ya mpangilio wa sehemu zinazotegemeana, kama vile *mfumo wa elimu* au *mfumo wa chakula mwilini*.

Keki, kikeki na keki ya uzi

*Keki* ni nomino ya ngeli ya i-/zi-: *keki hii, keki hizi*. Ikidunishwa, huingia ngeli ya ki-/vi- na upatanisho wote hubadilika: *kikeki hiki kidogo cha waridi, vikeki hivi vidogo vya waridi*. Kosa la kawaida ni kuchanganya ngeli hizo mbili, mathalani *vikeki hizi*.

Keki ndogo inayookwa katika karatasi yenye mikunjo huitwa kwa Kiingereza jina lenye neno la kikombe ndani yake. Tafsiri *keki ya kikombe* inaeleweka, ingawa wengi husema tu *keki ndogo*. Kwa pambo la uzi, kikeki cha kufuma ni jina lililo wazi kuliko *keki ya uzi*, kwa sababu wafumaji wa Kiingereza hutumia neno la keki pia kwa donge la uzi lililozungushwa kwa mashine likawa bapa juu na chini. Mfasiri asiyelijua hilo humwambia msomaji anunue keki mbili, hali alikusudiwa kununua madonge mawili ya uzi.

Sufu na sufi

Irabu ya mwisho hutenganisha vitu viwili vinavyokutana katika kazi hii. Sufu ni manyoya ya kondoo na uzi utokanao nayo. Sufi ni nyuzi laini za tunda la msufi, ambazo kwa muda mrefu zimejaza mito na magodoro. Kikeki chaweza kufumwa kwa sufu kikajazwa sufi. Hata hivyo, sufi hugandana ikiloa na hushika moto upesi, hivyo haifai kwa pambo litakalofuliwa mara kwa mara au kuwekwa karibu na mshumaa. Kwa uzi wenyewe, pamba huonyesha umbo vizuri zaidi kwa kuwa haina manyoya yanayofunika mishono.

Majina ya mishono

Hapa ndipo tafsiri nyingi huharibika. Kwanza, kitanzi si mshono. Kitanzi ni uzi uliopindwa juu ya kulabu kazi ikiendelea. Mshono ni kile kilichokamilika na kuachwa nyuma. Juu ya kila mshono huonekana nyuzi mbili zilizolala kama herufi V: *uzi wa mbele* na *uzi wa nyuma*.

Pili, Uingereza na Marekani hutumia majina yaleyale kwa mishono tofauti. Mshono ambao Mwingereza huuita wa mara mbili, Mmarekani huuita wa mara moja. Na ule ambao Mmarekani huuita wa mara mbili, Mwingereza huuita wa mara tatu. Mfumaji wa Afrika Mashariki hukutana na desturi zote mbili, moja katika vitabu vya Uingereza na nyingine katika ruwaza za Marekani zilizoenea kwenye intaneti. Anayetafsiri neno kwa neno na kuandika *mshono mara mbili* au *mshono dabo* huwa ameuhamishia utata huo katika Kiswahili, tena bila alama ya kumwonya msomaji.

Ruwaza nyingi za Kijapani huukwepa mtego huu kwa kuchora alama ya kila mshono. Kiswahili nacho chaweza kuukwepa kwa kuita mshono kwa umbo lake na kueleza mara moja, mwanzoni, mkono unafanya nini:

– mnyororo: vuta uzi kupitia kitanzi kilicho juu ya kulabu.
– mshono wa kuteleza: ingiza kulabu, vuta uzi kupitia kazi na kitanzi kwa mara moja. Hauongezi kimo.
– mshono mfupi: ingiza kulabu, vuta uzi, vitanzi ni viwili. Vuta uzi kupitia vyote viwili.
– mshono wa kati: zungusha uzi juu ya kulabu, ingiza, vuta uzi; vitanzi ni vitatu. Vuta uzi kupitia vyote vitatu.
– mshono mrefu: anza kama mshono wa kati, kisha vuta uzi kupitia vitanzi viwili, halafu viwili vilivyobaki.

Mshono mfupi ni mmoja wa mishono ambayo Uingereza na Marekani hutofautiana kuhusu jina lake, na ndio unaofuma karibu kikeki chote.

Utata wa namna hiyo umo pia katika ukubwa wa kulabu. Katika hesabu ya zamani ya Uingereza, namba hupungua kulabu inapokuwa nene. Marekani herufi na namba hupanda. Maelekezo ya Kiswahili yatumie milimita pekee.

Kielelezo: kikeki cha kufuma

Sanaa ya kufuma vinyago vidogo vya kujazwa hujulikana kwa jina la Kijapani, *amigurumi*, lililounganishwa kutokana na neno la kufuma na neno la mwanasesere wa kushonwa aliyejazwa. Kanuni yake ni kufuma kwa kubana, kwa kulabu nyembamba kuliko inayopendekezwa kwa uzi huo, ili kijazio kisionekane. Kwa uzi wa pamba wa unene wa wastani au pungufu kidogo, kulabu ya milimita 2.5 hadi 3 hufaa. Kazi huzunguka mfululizo bila kuunganishwa mwisho wa kila mzunguko. Kipande cha uzi wa rangi nyingine huwekwa kuonyesha mzunguko ulipoanzia. (Safu ni ya kazi inayokwenda na kurudi, na haifai hapa.) *Ongeza* ni kufuma mishono miwili katika mshono mmoja, *punguza* ni kuiunganisha miwili kuwa mmoja.

*Kikombe, uzi wa kahawia, mishono mifupi*
Mzunguko 1: mishono 6 ndani ya pete ya uzi, kaza pete.
Mzunguko 2: ongeza katika kila mshono (12).
Mzunguko 3: mmoja, ongeza, rudia (18).
Mzunguko 4: miwili, ongeza, rudia (24).
Mzunguko 5: kila mshono katika uzi wa nyuma tu (24). Ukingo hujikunja na kitako husimama.
Mizunguko 6–7: bila kuongeza (24).
Mzunguko 8: mitatu, ongeza, rudia (30).
Mizunguko 9–10: bila kuongeza (30).

*Krimu, uzi wa waridi*
Mizunguko 1–4: kama kikombe (24).
Mzunguko 5: mitatu, ongeza, rudia (30).
Mizunguko 6–7: bila kuongeza (30).
Mzunguko 8, katika uzi wa mbele tu: ruka mishono miwili, fuma mishono mirefu mitano katika wa tatu, ruka miwili, mshono wa kuteleza katika wa sita, rudia mara tano. Hupatikana petali tano.

*Tunda la juu, uzi mwekundu, mishono mifupi*
Mzunguko 1: mishono 6 ndani ya pete, mzunguko 2: ongeza katika kila mshono (12), mzunguko 3: bila kuongeza (12). Jaza. Mzunguko 4: punguza mara sita (6), kaza na ufunge.

Shonea tunda juu ya krimu. Kisha shona nyuzi za nyuma zilizobaki katika mzunguko wa 7 wa krimu pamoja na mishono 30 ya ukingo wa kikombe, ukijaza kabla ya kufunga.

Namba katika mabano ndiyo kinga ya mfumaji. Duara bapa la mishono mifupi huongezeka kwa mishono sita kila mzunguko. Isipoongezwa ya kutosha hujikunja kuwa bakuli, ikizidi huwa na mawimbi. Tena, kwa kuwa krimu na kikombe vyote huishia kwenye 30, mshono hukutana na mshono. Chukua sasa mfasiri aliyeandika *mshono mara mbili*, na msomaji akafuma mishono mirefu: hesabu itabaki 30, lakini kuta zitapanda takriban mara mbili au zaidi, mianya itatoa kijazio nje, na kisichofanana na keki kitakuwa kimekula uzi wa watu wawili. Namba haitamwonya; neno ndilo lililopaswa kumwonya.

Kikeki hutumika kama pambo la rafu, kishikizo cha funguo au kimto cha kuchomekea pini. Kinapotengenezewa mtoto, tunda lishonwe kwa uthabiti na pasiwe na shanga wala pini, kwani kinafanana na chakula na kitafika kinywani.

Muhtasari wa matumizi

– *Uzi wa kufumia*, lakini *kikeki cha kufuma*.
– *Vikeki hivi*, si *vikeki hizi*.
– *Sufu* ni ya kondoo. *Sufi* ni ya msufi.
– *Kitanzi* kiko juu ya kulabu. *Mshono* umekwisha kuiacha.
– *Mshono mfupi* na *mshono mrefu*, vikielezwa mwanzoni mwa ruwaza, badala ya *mshono mara mbili*.

Tazama pia: fumania, kulabu, mfumo, mshindio, mtande, shona, sufi, suka, tarizi.