Mwaka mpya Agosti? Waulize Waparsi

Wasee, leo tuongelee kalenda. Ngoja kwanza, usipite.

Kila mwaka katikati ya Agosti, Waparsi wa Mumbai huvaa nguo mpya, wakachora maua ya chokaa mlangoni, halafu wakaenda hekalu la moto na vipande vya sandali mkononi. Moto huo haufai kuzimika. Ule wa Udvada, kaskazini mwa Mumbai, umetunzwa hapo tangu 1742. Wakitoka ni kula tu, samaki wa kwenye jani la mgomba na tambi tamu. Hiyo ndiyo Navroz, mwaka mpya wao.

Waparsi ni Wazoroasta, wafuasi wa nabii Zarathustra. Mababu zao walihama Iran zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, baada ya Waarabu kuiteka. (Ndio, Freddie Mercury alikuwa Mparsi, tena mzaliwa wa Unguja, 1946.) Sasa, Iran yenyewe husherehekea Machi, wakati baridi inaisha. Mbona hawa Agosti?

Ni hesabu. Kalenda yao ya zamani ina miezi 12 ya siku 30, kisha siku 5 za mwisho. Jumla 365, basi. Hakuna Februari 29. Jua nalo linataka karibu robo siku zaidi, kwa hivyo kila miaka 4 mwaka mpya unarudi nyuma siku moja. Pole pole ukatoka Machi ukaingia Februari, Januari, Desemba, mpaka ukafika Julai. Huko India waliwahi kuongeza mwezi mmoja, mara moja tu, ndio maana wengi wako Agosti. Wale ambao hawakuuongeza bado wako Julai.

Julai, unasikia? Huo ndio mwezi wa Mwaka Kogwa kule Makunduchi, Zanzibar, siku ya kuchapana kwa migomba na kuchoma kibanda cha makuti. Nairuzi ya Waswahili ilitoka huko huko Uajemi. Ni miongo 36 ya siku kumi kumi, ongeza 5, na haina siku ya ziada pia. Mimi hiyo ilinimaliza kabisa.

Mwaka wa 1906 kuna Waparsi wa Bombay walioanza kufuata kalenda ya kurudisha sherehe Machi. Wengi wakakataa, na siwalaumu. Sikukuu ni watu kukutana, msimu baadaye.

Lakini hapo kwa watu ndipo nina shida. Sensa ya India ya 2001 ilihesabu Waparsi 69,601. Ile ya 2011, 57,264. Nchi ya watu zaidi ya bilioni moja! Wanazaa wachache, wengi wamehamia ng'ambo, sawa. Ila pia kuna suala la nani anahesabiwa. Mwaka wa 1908 majaji wa Bombay walisema mtoto wa baba Mparsi ni Mparsi. Wa mama hawakumtaja hivyo, na mahekalu mengi bado yanashikilia hapo.

Yaani sikukuu imeruhusiwa kutembea miezi saba bila mtu kulalamika sana, lakini Navroz ikifika, ndugu wawili walioolewa na kuoa nje wanaweza kuja na watoto wao, mtoto wa kaka akaingia, wa dada akabaki getini.