Wakulima Wadogo na Mvinyo Mwekundu wa Nyanda za Kati

Mvinyo mwekundu wa Tanzania ulizaliwa katika nyanda kame za kati, eneo ambalo Waingereza waliliita Jimbo la Kati na ambalo lilijumuisha Dodoma, Kondoa, Mpwapwa, Manyoni na Singida. Mkoa wa Singida ulipoundwa mwaka 1963, mizabibu michache iliyokuwapo ilibaki upande wa Dodoma. Mpaka huo haukugawa mvua, udongo wala watu: Wagogo wapo Bahi na wapo Manyoni, na kiangazi kinachokausha Bonde la Bahi ndicho kinachokausha Kilimatinde juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Historia ya kinywaji hiki ni ya ukanda wote.

Kabla ya mzabibu, vinywaji vya ukanda huo vilitokana na nafaka na nyuki. Mtama na uwele vilitoa pombe ya mavuno, ya harusi na ya kazi za ushirika. Kwenye vichaka vya Itigi na misitu ya miombo inayoelekea Unyamwezi, asali iliyochanganywa na maji na kuachwa ichachuke ilitoa wanzuki. Vinywaji hivi vilitengenezwa nyumbani na kunywewa katika siku chache. Hakuna aliyetarajia kuvihifadhi kwa miezi au kuvisafirisha mbali, kwa hiyo ufundi wa pipa na chupa ulipoingia ulikuwa mgeni kabisa.

Ufundi huo uliletwa na Kanisa. Sheria za Kanisa Katoliki zinataka divai ya misa itokane na tunda la mzabibu na isiwe imeharibika, na kuiagiza Ulaya kwa meli kisha kwa reli kulikuwa na gharama. Katika miaka ya 1950 wamisionari wa Kiitalia walipanda mizabibu katika misheni ya Bihawana, nje kidogo ya mji wa Dodoma. Miche ilishika. Kutoka hapo kilimo kilifika gereza la Isanga, kisha vijiji vya jirani kama Mpunguzi, Mvumi, Hombolo na Makutupora. Mkulima aliyezoea kuvuna mtama mara moja kwa mwaka alipata zao la fedha linalodumu shambani kwa miaka mingi.

Sababu ya mzabibu kushika ni hali ya hewa ambayo kwa mazao mengine ni adhabu. Mvua za nyanda hizi hunyesha kati ya Desemba na Aprili, na kwa kawaida hazifiki milimita 700. Miezi inayobaki ni ya jua kali mchana na ubaridi usiku, kwa kuwa ardhi imeinuka zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi, hapa haulali. Mkulima huuamsha kwa kupogolea, na hivyo hupata mavuno mawili kwa mwaka: moja karibu Februari na Machi, jingine Agosti na Septemba. Mavuno ya kiangazi ndiyo bora kwa mvinyo mwekundu, kwa sababu zabibu hukomaa bila mvua na sukari yake hupanda. Ya masika huandamwa na ubwiri unga na ubwiri vinyoya, na mwaka mzima mkulima hupambana na mchwa.

Aina ya zabibu nyekundu iliyotawala mashamba ya wakulima wadogo ni Makutupora, inayobeba jina la mahali kilipo kituo cha utafiti wa zao hilo. Ni zabibu inayozaa sana na kuvumilia udongo dhaifu. Baadaye mashamba ya Hombolo yalijaribu Syrah na aina za Kiitalia. Hata hivyo Makutupora ndiyo inayostahili kuitwa zabibu ya mkulima mdogo, na mvinyo wake ungali haujapewa heshima unayostahili.

Udhaifu ulikuwa sokoni. Zabibu iliyokatwa huharibika ndani ya siku chache, hivyo mkulima asiye na pa kukamulia hana nguvu ya kusubiri bei. Kiwanda cha umma, DOWICO, ndicho kilichokuwa mnunuzi mkubwa, na kilipoanguka katika miaka ya 1990 wakulima wengi walitelekeza mashamba. Soko lilifufuka taratibu: kampuni ya CETAWICO ilianza Hombolo mwaka 2002, na kampuni nyingine zikaanza kununua mchuzi wa zabibu, yaani juisi iliyokwisha kukamuliwa na kuchachushwa. Mchuzi ulibadilisha mambo. Mkulima mwenye matangi machache ya plastiki na mashine ndogo ya kuponda aliweza kugeuza zao linalooza kuwa bidhaa inayosubiri, na wasindikaji wadogo wakazaliwa.

Kwa mnywaji, thamani bora ya fedha iko kwa hao wanaokamua zabibu zao wenyewe. Mvinyo mkavu wa Makutupora wa mavuno ya karibuni, usioongezwa sukari, huonyesha tunda lenyewe. Mvinyo mtamu unauzwa zaidi, ila utamu huweza kuficha zabibu mbichi au uchachushaji uliofanywa kwenye joto kupita kiasi. Wekundu peke yake hauthibitishi kitu, maana mvinyo wa rozela nao ni mwekundu ingawa hauna zabibu hata moja. Chupa iliyokaa juani kwenye rafu ya duka haifai, hata ikiwa ya mtengenezaji hodari.

Serikali iliweka ushuru mdogo zaidi kwa mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake ni za nchini, ili kuukinga dhidi ya ule unaoagizwa kutoka nje. Nafuu hiyo humfikia anayeuza chupa. Msindikaji mdogo bado anahitaji vioo, vizibo, lebo na alama ya ubora ya shirika la viwango, TBS, na gharama hizo humfanya auze mchuzi wake kwa wingi kwa kampuni kubwa, ambako huchanganywa na wa wengine na jina la kijiji chake halifiki kwenye lebo.